Sura ya Nne: Tano ya Nini?

Katika maswali ambayo wazazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja, Kayole na Dandora, huwauliza wauguzi, na wakikosa muuguzi huulizana wao kwa wao, hakuna linalorudiwa sana kama hili: dawa imeandikwa mililita 5, nami nyumbani nina vijiko tu, je, hizo ni kijiko kimoja au viwili, na ni kijiko kipi? Mwenye kuuliza aghalabu huona haya, kana kwamba jibu linajulikana na kila mtu isipokuwa yeye. Lakini ndani ya swali hilo yamo mambo matatu yaliyofungamana, yaani uzito wa dawa, wingi wa maji yanayoichukua dawa hiyo, na ukubwa wa chombo cha kupimia, na asiyeyatenganisha matatu haya aweza kumpa mtoto wake robo ya dozi, au dozi nne kwa pamoja, ilhali anaamini kwa moyo safi kwamba ametii maagizo.

Sikiliza mazungumzo yanayosikika jioni yoyote katika duka la dawa lililo karibu na steji ya matatu. Mama amembeba mtoto mwenye homa, nyuma yake watu wamejipanga, na kijana aliye ndani ya kaunta, ambaye mtaa mzima humwita daktari, ameshaitia chupa mfukoni.

"Daktari, hii nampatia ngapi?"

"Mpe tano, mama, mara tatu kwa siku."

Mama huenda zake na hiyo tano. Ikiwa ni mililita 5, huenda ikawa sawa. Ikiwa ni miligramu 5, kwa dawa ya homa hicho ni kiasi kisichofaa kitu. Ikiwa ni vijiko vitano, hizo ni mililita 25, na hapo tunakaribia msiba. Nambari isiyotajiwa kipimo chake ni nusu ya agizo, na nusu iliyobaki mama huijaza kwa dhana, usiku, mtoto akilia, na pengine stima imepotea na kibandiko cha chupa kinasomwa kwa tochi ya simu. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mtu anapaswa kuliuliza kabla hajaondoka dukani, bila kuona haya na bila kujali foleni, ni hili lililo juu ya sura hii.

Uzito na ujazo

Miligramu, ambayo hufupishwa mg, ni kipimo cha uzito: gramu moja ina miligramu 1000, na miligramu moja nayo ina mikrogramu 1000, ambayo hufupishwa mcg. Mililita, ambayo hufupishwa ml, ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi ambayo kitu huijaza: lita moja ina mililita 1000, na pakiti ya maziwa ya nusu lita inayouzwa katika kila kioski ina mililita 500. Dawa yenyewe, ile inayoshusha homa au kuua vijidudu, hupimwa kwa miligramu. Maji matamu yaliyoichukua ndani ya chupa hupimwa kwa mililita. Watu wengi hutafuta kanuni moja ya kugeuza miligramu kuwa mililita kama vile wanavyogeuza kilo kuwa gramu, na kanuni hiyo haipo wala haiwezi kuwapo.

Wanunuzi wa nafaka katika masoko yetu wanalijua jambo hili ijapokuwa hawajalipa jina. Gorogoro ni mkebe, nao hupima nafasi. Gorogoro ya maharagwe na gorogoro ya omena hutoka katika mkebe mmoja, lakini ukizitia katika mizani hazilingani hata kidogo, wala hakuna mchuuzi awezaye kukwambia gorogoro ina kilo ngapi kabla hajajua imejazwa nini. Ndivyo ilivyo kwa kijiko cha dawa: hakijulikani kina miligramu ngapi mpaka ijulikane kimejazwa kutoka chupa gani.

Jambo linaloziunganisha nambari hizi mbili ni nguvu ya dawa, nayo huandikwa juu ya chupa kwa mfano huu: 120 mg/5 ml. Maana yake ni kwamba katika kila mililita 5 za dawa hiyo mna miligramu 120 za dawa halisi. Ukishayapata maandishi haya, hesabu ni ya darasa la tano: chukua miligramu anazohitaji mgonjwa, zigawanye kwa miligramu zilizoandikwa kwenye chupa, kisha jawabu ulizidishe kwa mililita zilizoandikwa kando yake.

Mtoto mmoja, chupa nne

Tuchukue parasetamoli, dawa ya homa na maumivu iliyomo katika karibu kila nyumba. Kiwango kinachotumiwa sana kwa watoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa dozi moja, dozi zikiachana kwa saa 6 au zaidi, na zisizidi nne katika muda wa saa 24. Naye mtoto aliye chini ya miezi mitatu asipewe kabisa kabla hajaonwa na tabibu. Mtoto wa kilo 10, basi, anahitaji miligramu 150. Sasa tazama jinsi miligramu hizo hizo 150 zinavyokuwa mililita tofauti kulingana na chupa:

- Chupa ya 120 mg/5 ml: mililita 6 na robo.
- Chupa ya 250 mg/5 ml: mililita 3.
- Dawa ya matone ya watoto wachanga, 100 mg/1 ml: mililita 1 na nusu.
- Chupa iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani, 160 mg/5 ml: mililita 4.7, pungufu kidogo ya 5.

Mtoto ni yule yule, homa ni ile ile, na dawa ni moja. Mama aliyezoea kumpa mwanawe mililita 6 za chupa ya kwanza, kisha siku moja akauziwa ile ya matone kwa sababu ya kwanza imekwisha dukani, akaendelea na mililita 6 zake, atakuwa amempa miligramu 600 badala ya 150, yaani mara nne ya kiasi kinachostahili. Na akirudia hivyo mchana, jioni na usiku, ini la mtoto ndilo litakalolipa. Kosa hilo halitokani na ujinga wala uzembe. Limetokana na kulikariri jawabu la chupa moja na kulihamishia kwenye chupa nyingine.

Ile chupa ya Marekani ina mitego mingine miwili. Kwanza, jina lililoandikwa juu yake ni acetaminophen, nayo ndiyo parasetamoli yetu, hivyo mwenye kumpa mtoto hiyo pamoja na ile ya dukani kwa kudhani ni dawa mbili tofauti amempa dozi maradufu. Pili, jedwali lake hutaja uzito kwa paundi, kipimo ambacho wafanyabiashara wa pwani wamekijua tangu zamani kwa jina la ratili. Kilo 1 ni ratili 2.2, na kwa hiyo mtoto wetu wa kilo 10 ni wa ratili 22. Anayesoma 22 hiyo akaidhani ni kilo, kisha akaipeleka katika hesabu ya miligramu 15 kwa kilo, atapata 330, zaidi ya mara mbili ya haki yake.

Hesabu zote hizi zasimama juu ya uzito wa mtoto, nao ni uzito wa sasa, si ule ulioandikwa katika kijitabu cha kliniki siku ya chanjo ya miezi tisa. Katika mitaa yetu wako wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaozuru nyumba kwa nyumba, ambao tangu mwaka 2023 serikali imewapa mikoba ya vifaa, mizani ikiwa miongoni mwake. Waombe wampime mtoto, uandike nambari hiyo na tarehe yake mahali utakapoiona usiku.

Kwa ufupi: tafuta uzito wa mtoto kwa kilo, tafuta miligramu anazohitaji, soma nguvu ya dawa juu ya chupa uliyoishika mkononi leo, ndipo uhesabu mililita.

Kijiko kina mililita ngapi?

Sasa turudi kwa kijiko. Katika vitabu vya dawa, kijiko kidogo cha chai ni mililita 5 na kijiko kikubwa cha chakula ni mililita 15, yaani kimoja ni mara tatu ya kingine. Lakini vijiko vilivyomo katika makabati yetu havikusoma vitabu hivyo: wataalamu waliovikusanya vijiko vya chai vya majumbani na kuvipima walikuta vingine vinaingia mililita 2 na nusu tu, na vingine zaidi ya 7. Kijiko kilichonunuliwa Gikomba na kingine kilichokuja na zawadi za arusi vyaweza kuwa katika droo moja, vikafanana kwa macho, na kimoja kikawa na dawa maradufu ya mwenzake.

Hata vitabu vyenyewe havikukaa mahali pamoja. Matabibu wa Kiislamu wa zama za Ibn Sina walipima dawa zao kwa dirhamu na mithkali. Waingereza wakawa na dirhamu yao, ya uzito na ya maji, na katika vitabu vyao vya kale kijiko cha chai kilihesabiwa kuwa dirhamu moja ya maji, ambayo ni kama mililita 3 na nusu, kabla hakijafanywa mililita 5 kipimo cha metriki kilipokubaliwa. Kulikuwa na punje pia, uzito wa kama miligramu 65, na alama yake bado ingalipo katika tembe za aspirini: dozi ya kale ilikuwa punje 5, ndiyo sababu Waingereza huifanya ya miligramu 300 na Wamarekani ya 325, kila mmoja akiikadiria kwa njia yake. Hapo tofauti ni ndogo, haidhuru mtu mzima. Lakini inatuonyesha kwamba kipimo ni mapatano ya watu, nayo mapatano hubadilika kwa nchi na kwa zama.

Basi tufanyeje? Ndani ya maboksi mengi ya dawa za maji mna kikombe kidogo cha plastiki au kijiko chenye alama, nacho ndicho cha kutumia. Kikiwa kimepotea, nunua sirinji ya mililita 5 au 10 isiyo na sindano, inayopatikana katika duka lolote la dawa. Ukitumia kikombe, kiweke juu ya meza, uinamishe kichwa mpaka jicho liwe sawa na alama, kwa kuwa anayekishika hewani na kukitazama kutoka juu husoma visivyo. Ukitumia sirinji, toa mapovu kwanza, kisha mpe mtoto taratibu ndani ya shavu, sio moja kwa moja kooni. Na ukitaka kuamini haya kwa macho yako, vuta mililita 5 za maji kwa sirinji uyamimine katika kijiko chako cha chai: pengine kitafurika, pengine kitabaki na nafasi, na baada ya hapo hutakitumia tena kwa dawa.

Mimi naona, na nalisema bila kusitasita, kwamba duka linalomuuzia mama dawa ya maji bila kumpa chombo cha kuipimia halijatimiza amana yake. Kikombe kile ni sehemu ya dawa.

Kusoma mwandiko wa tabibu

Juu ya bahasha au karatasi ya zahanati huenda ukakuta maandishi haya: 5 ml tds 5/7. Mililita 5 tumeshazijua. Herufi tds ni mkato wa Kilatini wenye maana ya mara tatu kwa siku. Od ni mara moja, bd ni mara mbili, na qid au qds ni mara nne. Ama 5/7, ambayo huwasumbua watu kuliko yote, wapo waliodhani ni tano hadi saba, na wapo waliodhani ni sehemu tano za saba za kijiko. Maana yake ni siku 5, kwa kuwa juma lina siku 7. Kadhalika 2/52 ni majuma 2, kwa kuwa mwaka una majuma 52, na 1/12 ni mwezi mmoja.

Mara tatu kwa siku ni kila baada ya saa 8, hivyo anayeanza saa moja asubuhi hufuatiliza saa tisa alasiri na saa tano usiku. Dawa ya malaria iitwayo kwa kifupi AL, ambayo wakazi wengi wa Nairobi huihitaji warudipo kutoka Kisumu, Busia au pwani, ina saa zake: dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na jumla ni dozi 6. Mtu mzima humeza tembe 4 kila mara, zikawa 24, na mtoto wa kilo 5 mpaka 14 humeza tembe 1. Mwandishi akiandika 8 am, ni saa mbili asubuhi. Mtoto wa shule akitumwa kumsomea nyanya yake, akaisoma saa nane, dozi imechelewa kwa saa 6.

Nukta ya desimali nayo yataka hadhari. Nukta ya .5 isiyotanguliwa na sifuri ikififia hubaki 5, mara kumi ya iliyokusudiwa, na 1.0 ikisomwa haraka huwa 10. Vivyo hivyo mcg ikichukuliwa kuwa mg, kosa ni mara elfu: tembe ya tezi ya koo ya mikrogramu 50 ni miligramu 0.05 tu. Ukiwa na shaka, mwombe aliyeandika aseme kwa maneno.

Unga wa kuchanganya na maji

Amoksisilini ya watoto mara nyingi huuzwa ikiwa unga ndani ya chupa, na nguvu iliyoandikwa juu yake, 125 mg/5 ml au 250 mg/5 ml, huwa kweli iwapo tu maji yamefika pale penye alama. Anayetia maji machache ameifanya dawa kali, na anayejaza mpaka shingoni ameidhoofisha. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, ngoja povu litulie, ndipo uongeze mpaka alama. Bora zaidi, mwombe muuza dawa aichanganye mbele yako. Na kila mara kabla ya kumimina, tikisa tena, maana dawa hutuama chini.

Chumvi ya kuharisha, iitwayo ORS, ndiyo inayopotoshwa zaidi katika nyumba zetu. Pakiti nyingine ni za kuchanganywa na nusu lita, nyingine na lita nzima, na kiasi hicho huandikwa juu ya pakiti. Anayeitia pakiti ya nusu lita katika chupa ya soda ya kioo ya mililita 300 amefanya chumvi kali kupita kiasi, ambayo yaweza kumdhuru mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji. Pakiti tupu ya maziwa ya nusu lita, ikioshwa vyema, hufaa sana kwa kupimia. Pamoja na chumvi hiyo hutolewa tembe za zinki za miligramu 20: moja kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, nusu kwa aliye mdogo kuliko hapo, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Yuniti za insulini

Wagonjwa wa sukari hukutana na kipimo cha aina ya tatu, ambacho si uzito wala ujazo. Insulini ilipogunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, haikuwezekana kuipima kwa mizani kwa sababu haikuwa safi, basi ikapimwa kwa kazi yake, yaani kwa kadiri ilivyoshusha sukari katika damu ya sungura, na kiasi hicho ndicho kilichoitwa yuniti. Insulini inayotumika sana leo ina yuniti 100 katika kila mililita, hivyo yuniti 10 ni mililita 0.1, matone machache tu. Sirinji ya insulini imechorwa alama za yuniti. Sirinji ya kawaida imechorwa mililita. Mwenye kukosa ya kwanza akachukua ya pili, akavuta mpaka alama ya 1 akidhani ni yuniti 1 au 10, amevuta 100. Zipo pia sirinji zilizochorwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita, nazo haziingiliani na ya 100. Nambari iliyo kwenye sirinji na iliyo kwenye chupa sharti zilingane.

Mashine za kupimia sukari nazo zina lugha mbili. Hospitali zetu husema kwa milimoli kwa lita, na mashine zinazotoka Marekani kwa miligramu kwa desilita. Zidisha milimoli kwa 18 upate miligramu: 7 ni sawa na 126. Anayeona 126 kwenye mashine ya zawadi asifadhaike, wala asiongeze insulini kwa ajili ya ukubwa wa nambari.

Kosa likiwa limekwisha kutendeka

Aliyezidishiwa insulini hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa. Akiwa na fahamu na aweza kumeza, mpe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji, kisha mpeleke hospitali hata akipata nafuu, kwa kuwa sukari yaweza kushuka tena. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Parasetamoli ina tabia nyingine: mtoto aliyezidishiwa aweza kucheza na kula siku nzima kama asiye na neno, ilhali ini linadhurika, na dalili zikatokea siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo usimngojee augue. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Mpeleke Mama Lucy Kibaki au hospitali yoyote iliyo karibu iliyo wazi usiku, uchukue na chupa yenyewe, na umwambie daktari mambo matatu: ulimpa mililita ngapi, saa ngapi, na mtoto ana kilo ngapi.